Namba Mbili

Biju kinyozi alishusha shata la duka siku ya Jumatano,
akapanda ngazi hadi mlangoni kwetu, akabisha kwa kiwiko.
Nilipofungua alikuwa keshateremka vidato sita,
na juu ya kizulia cha miguu, imefungwa gazetini,
mashine yake ya kunyolea.
"Ya Baba," alisema. "Juu, namba mbili. Nyuma, moja."

Toka siku ile Wadi Kabir ikanyamaza.
Lori la maji tu, na viyoyozi
vikidondokea migongo ya paka.
Mama akazikosha riyali kwa sabuni ya unga,
akazianika barazani kwa vibanio, baina ya kanga na soksi,
nasi tukamcheka,
halafu tukaacha kumcheka.

Shangazi Thuwaiba wa Michenzani katuma sauti:
"Nasikia huko mmefungiwa kama kuku wa mayai.
Nyungu mnajifukiza lakini?"
Baba kajibu kutoka chumbani:
"Mwambie sisi tukifungua dirisha, yatosha."

Hakucheka tena wiki ile.
Ijumaa alikuwa keshavaa kanzu, keshajifukiza udi,
muadhini alipofika pale pa kuwaita watu
akawaambia wasali majumbani mwao,
na sauti ikamkwama, kama mtu aliyemeza mwiba wa changu.
Baba akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi.
Alikaa mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta.
Kisha akaniita.
"Ile mashine iko wapi?"

Kiti cha plastiki, barazani. Shuka la Mama shingoni.
Mimi nina miaka thelathini na nne
na sijapata kumshika baba yangu kichwa.
Chepesi. Cha moto. Kina mashimo mawili kisogoni
kama vidole vya mtu aliyewahi kukishika udongo ungali mbichi.
Na nyuma ya sikio la kulia, kovu,
urefu wa kokwa ya tende.

"Hili la nini?"
"Saruji."
Mashine ikanguruma peke yake.
"Bandarini Matrah, mwaka wangu wa kwanza.
Nilikuja na cheti cha ualimu na suruali moja ya maana.
Kiarabu changu cha msahafu,
na ukiomba maji kwa Kiarabu cha msahafu, watu wanakucheka.
Basi nikabeba mifuko. Mmoja ukateleza kutoka juu."
"Nani alikufunga?"
"Mbaluchi mmoja, kwa kilemba chake. Sikumuuliza jina."
Kimya.
"Nyoa, mwanangu. Umeme unalipiwa."

Nywele zikaanguka juu ya gazeti la Biju,
mvi juu ya herufi za Kimalayalam, duara duara,
nisizojua zinasema nini.

"Yule kijana analala wapi?"
Nilijua. Chumba cha nyuma ya dobi,
wanane, vitanda vya ghorofa, kiyoyozi kimoja kinachokohoa
siku hizi ambazo hapana anayethubutu kukohoa.
Hulipwa kwa vichwa,
na vichwa vyote vya mtaa vimejifungia ndani.

Sasa kila Alhamisi, kabla ya magharibi,
tunateremsha kikapu kwa kamba ya kuanikia:
mkate wa kumimina, sambusa za futari,
na riyali moja inayonukia sabuni.
Mara ya kwanza Biju aliirudisha kikapuni.
Baba akainama juu ya kizuizi, barakoa kidevuni, akapiga kelele:
"Kichwa kimenyolewa, hakikunyolewa?"
"Kimenyolewa, Baba."
"Basi. Kichwa hakinyolewi bure."

Biju hurudi nyuma mpaka katikati ya njia, pasipo gari,
mkono juu ya nyusi kuzuia jua,
akaikagua kazi yangu toka ghorofa ya tatu,
kwa makini, kama ana kioo cha pili mkononi.
Hanisifu.
Hugusa tu sikio lake la kushoto, kwa juu,
pale nilipopasahau tena.